Kijibwa Anakojoa Ndani na Anang'ata: Anza na Robo Saa Iliyopita

Mdogo wangu alinipigia saa 2 usiku, sauti imejaa hasira.

"Shikamoo dada. Huyu mbwa ananikomoa. Nimekaa naye nje nusu saa nzima, hakukojoa. Kaingia tu ndani, kachuchumaa kwenye zulia, huku ananitazama."

"Marahaba. Hiyo nusu saa mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunacheza mpira."

Jibu lilikuwa hapo hapo. Mtoto wa mbwa wa wiki tisa akiona mpira, kibofu anakisahau. Alipoingia ndani mchezo ulikwisha, mwili ukatulia, mkojo ukambana, na chini ya miguu yake palikuwa na zulia. Hakumkomoa mtu. Umri ule hajui hata kwamba zulia na majani ni vitu viwili tofauti mbele ya macho yako.

Nimelea mbwa kadhaa hapa kwetu Dar es Salaam, na kila ndugu au jirani anaponiletea kesi ya mkojo au ya meno, namuuliza swali moja: robo saa kabla ya tukio, kulikuwa na nini? Alikuwa kalala? Kala? Kuna mgeni kaingia? Watoto walikuwa wanakimbia? Mara nyingi chanzo kimo humo, na fimbo haina kazi yoyote.

Mbwa wetu Duma tulimchukua akiwa na wiki nane. Siku ya kwanza nilitundika daftari la shule kwenye msumari wa mlango wa jikoni, kalamu nimeifunga kwa uzi. Kila aliyemwona akiamka, akila, akikojoa au akinya aliandika saa. Ukurasa wa siku ya nne unasomeka hivi: "12:05 asubuhi kaamka, kakojoa nje. 12:30 kala. 12:50 kanya nje. 2:10 kaamka, kakojoa mlangoni, hatukuwahi." Halafu mchana mzima safi, mpaka "11:20 jioni sebuleni" na "11:45 sebuleni tena". Nikafunua kurasa za nyuma. Siku mbili zilizotangulia nazo zilikuwa na makosa kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Hiyo ndiyo saa watoto wanarudi shule: mabegi chini, kila mmoja anamshangilia, yeye anarukaruka kwa furaha, na hakuna anayekumbuka kumtoa. Tukakubaliana kwamba mtoto wa kwanza kufika havui viatu, anampeleka moja kwa moja chini ya mwarobaini. Madimbwi ya sebuleni yaliisha wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla hujasoma dalili moja moja hapa chini, tafuta daftari. Bila saa zilizoandikwa utakuwa unabahatisha.

Kuna nyakati ambazo karibu kila kijibwa atakojoa: akiamka tu, akimaliza kucheza, akisisimka, na ndani ya nusu saa baada ya kula. Akiwa na miezi miwili anaweza kujizuia saa mbili, pengine tatu, lakini hayo ni akiwa ametulia au amelala. Akiwa macho na anazunguka nyumbani, mtoe kila baada ya dakika 30 hadi 60. Ndiyo, ni kazi. Ni kazi ya wiki chache, na wengi wanakuwa wa kuaminika kati ya miezi minne na sita.

Nje hakojoi, akiingia tu anakojoa

Ya mdogo wangu ndiyo sababu ya kwanza, yaani nje pamegeuzwa uwanja wa michezo. Mfunge kamba, mpeleke sehemu ile ile kila siku, simama kama mlingoti, usimsemeshe. Mpe dakika tano. Akimaliza, msifu hapo hapo na umpe kipande cha kitu anachokipenda kabla hajainua mguu wa kwanza kuondoka. Zawadi ukimpa mlangoni mnaporudi, kwa akili yake umemlipa kwa kurudi ndani.

Sababu ya pili ni kinyume cha hiyo. Kuna watu ambao mbwa akikojoa tu wanamrudisha ndani sekunde hiyo hiyo, kwa sababu wana haraka. Kijibwa mwerevu anajifunza kwamba mkojo ndio unaomaliza raha ya nje, basi anaubana. Akojoe kwanza, mpira uje baadaye, nje hapo hapo, hata kwa dakika tano.

Ya tatu ni woga. Geti liko barabarani, bodaboda zinapita, mbwa wa jirani anabweka nyuma ya ukuta. Mwenye hofu hakojoi. Mtafutie kona ya nyuma, tulivu. Na akigoma kabisa, msirudi ndani ukamwachia nyumba nzima: mshike kwa kamba ileile karibu na mguu wako kwa dakika 10 au 15, kisha mtoke tena.

Nyumba nyingi mpya uani hapana udongo, ni vitofali vya pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Kijibwa anaona sakafu ngumu nje na sakafu ngumu ndani, atajuaje tofauti? Weka karai pana lenye mchanga, au kipande cha nyasi kilichokatwa pamoja na udongo wake, mahali pamoja pasipobadilika. Wanaokaa ghorofani wafanye hivyo hivyo kwenye baraza, hasa kabla chanjo hazijakamilika na mtoto hajaruhusiwa kushuka kukanyaga walikokanyaga mbwa wengine.

Anarudia pale pale

Umepiga deki, umeweka sabuni inayonukia, kesho yake dimbwi liko kona ile ile. Pua yako imedanganywa, yake bado. Harufu iliyobaki kwenye saruji au katikati ya marumaru inamwambia kwamba hapa ndipo choo.

Kausha mkojo kwanza kwa kitambaa bila kusugua, kisha mimina siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika kumi, kausha. Kwenye saruji isiyo na marumaru rudia siku mbili au tatu, maana saruji inanyonya. Siki inaweza kuharibu aina fulani za mawe, kwa hiyo ijaribu kwanza pembeni. Dawa za usafi zenye amonia ziepuke, kwa sababu mkojo nao una harufu ya amonia na unakuwa kama umemwekea alama upya. Na hapa nakuomba sana: usichanganye siki na jiki wala dawa nyingine yoyote ya klorini. Mchanganyiko huo unatoa gesi yenye sumu, na jikoni kwenye dirisha dogo inatosha kumdhuru aliyeinama kufuta.

Anajificha nyuma ya kochi

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu sisi ndio tunaoitengeneza. Kijibwa kakojoa sebuleni, mtu kavua kandambili kampiga, au kamshika shingo kamsugua pua kwenye mkojo. Tunadhani kaelewa "usikojoe ndani". Alichoelewa ni "usikojoe mbele ya binadamu". Kuanzia siku hiyo atasubiri ugeuze mgongo, aende nyuma ya kochi au chini ya kitanda. Na ukimtoa nje ukasimama naye hatakojoa, kwa sababu upo. Umemfunga njia zote mbili.

Yale macho ya chini na masikio yaliyolala, ambayo watu husema "anajua kakosea", ni hofu ya uso wako ulivyokunja ndita. Dimbwi la nusu saa iliyopita halihusishi na kipigo cha sasa hata kidogo.

Dawa yake inachukua muda. Ukimkuta katikati ya tendo, sema neno moja fupi kwa sauti ya kawaida, mnyanyue, mpeleke nje amalizie, msifu. Ukikuta dimbwi limeshapoa, futa, nyamaza, andika kwenye daftari. Nje, tumia kamba ndefu ili usimame mbali naye kidogo, utazame pembeni. Akikojoa, mrushie kipande cha dagaa badala ya kumkimbilia. Siku kadhaa baadaye utaona anaanza kukojoa ukiwa karibu, na hapo ndipo umesamehewa.

Anajinyea anapolala

Mbwa mchanga kwa asili hachafui malazi yake, na mafunzo yote yanategemea tabia hiyo. Akiyachafua, uliza: banda ni kubwa kiasi gani, na anafungiwa muda gani? Kwetu watu wengi wanamnunua mbwa kwa ajili ya ulinzi, wanamfungia bandani alfajiri hadi jioni "azoee". Mtoto wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa muda wa saa kumi. Anajinyea kwa kulazimika, leo, kesho, mwisho anazoea uchafu, na kile ulichokuwa unakitegemea kimekufa. Waliokulia kwenye kizimba kichafu cha muuzaji nao huja wakiwa hivyo tayari.

Mpe sehemu ya kulala inayomtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Boksi gumu lenye gunia safi linafaa. Fua gunia kila siku mpaka apate tena hisia ya kitanda kisafi. Usiku, boksi liwe karibu na unapolala ili umsikie akihangaika. Mimi niliweka kengele ya simu saa 8 usiku kwa wiki tatu za kwanza. Namtoa, anakojoa, anarudi, hakuna taa kali wala mazungumzo. Asije akajifunza kwamba saa 8 ni saa ya kucheza.

Anakunya ovyo, hana saa

Angalia sahani. Kama ugali wa mbwa unaachwa uani kutwa nzima, kinyesi nacho kitakuja kutwa nzima. Mpe mara tatu au nne kwa siku kwa saa zilezile, na baada ya dakika 20 ondoa sahani hata kama kabakiza. Ugali mtupu pia haumtoshi. Anahitaji dagaa, nyama, yai au chakula chake maalumu, la sivyo anakula mlima na kunya mlima. Maji usimnyime, hasa kwa joto letu.

Kinyesi kikiwa chepesi, au tumbo limevimba kama ngoma huku mbavu zinaonekana, fikiria minyoo. Vijibwa wengi huzaliwa nayo au huipata kwenye maziwa ya mama. Dawa zipo kwenye maduka ya dawa za mifugo, ila kipimo kinategemea uzito wake, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo. Zoa kinyesi mapema, maana baadhi ya minyoo hiyo huwapata watoto wanaochezea udongo.

Kuhara damu yenye harufu kali, kutapika na kunyong'onyea ni jambo jingine kabisa. Hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua vijibwa, na hakuna kusubiri kesho. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Matone ya salamu, na aliyekuwa amejua kisha akarudi nyuma

Anayeachia matone ukimsalimia hana kosa la choo. Ni msisimko, au ni unyenyekevu mbele ya mkubwa. Mpuuze dakika mbili unapoingia, kisha chutama ubavu wake, usimwinamie kichwani. Wengi hukua wakaiacha.

Aliyekuwa safi mwezi mzima akaanza tena, mwangalie afya kwanza. Anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone tu? Mkojo una damu? Hayo yanaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na majike hupata zaidi. Kama mzima, tazama mvua. Masika ya kwanza maishani mwake, Duma alifika mlangoni, akaona maji yanamwagika, akageuza. Nilipigilia bati moja juu ya kona yake, nikasimama naye na mwavuli. Dume likikaribia miezi sita au zaidi na likaanza kuinua mguu kwenye miguu ya meza, huo ni utu uzima unaanza, na usimamizi wa kamba unarudi kama siku za mwanzo.

Sasa meno

Wiki mbili baadaye mdogo wangu alipiga tena. Zulia limepona, mikono ndiyo imechanika.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, membamba kama sindano, na mdomo ndio mkono wake. Namna ya kupima nguvu ya ng'ato anajifunza kwa ndugu zake: akimng'ata mwenzake kupita kiasi, mwenzake analia na mchezo unakatika. Ndiyo maana wanaouzwa barabarani kwenye boksi wakiwa na wiki tano hung'ata vibaya. Walitolewa darasani kabla ya somo. Ukiweza, usichukue aliye chini ya wiki nane.

Kazi ya ndugu zake sasa ni yako. Meno yakigusa ngozi, mchezo unakufa papo hapo: mikono kifuani, unasimama, unageuka, unahesabu mpaka ishirini. Unarudi kimya, unampa kitu halali cha kung'ata. Akirudia, unaondoka tena. Usivute mkono kwa kasi, maana kinachokimbia hufukuzwa. Wengine wanashauri ulie "aii!" kama kijibwa mwenzake. Kwa wengine inafaa, lakini Duma alikuwa akisikia kelele anapandwa na wazimu zaidi, kwa hiyo kwake kimya ndicho kilichofanya kazi. Kumbana mdomo, kumpaka pilipili au kumchapa puani kunamfundisha kwamba mikono inaumiza, na mbwa anayeogopa mikono ndiye atakayemng'ata mtoto wa jirani akiwa mkubwa.

Lakini rudi kwenye robo saa. Kama anang'ata sana kati ya magharibi na saa 2 usiku, anazunguka meza kama kishada, haambiliki, huyo kachoka. Kijibwa anahitaji kulala hata saa 18 kwa siku, na nyumba yenye watoto haimwachii. Mpeleke akojoe, kisha boksini, chumba chenye giza. Mara nyingi analala kabla hujafunga mlango.

Kama anang'ata vifundo vya miguu na pindo la kanga, ni kwa sababu pindo linapepea. Simama. Kanga ikitulia haina utamu. Mkabidhi kamba iliyosukwa kwa vitenge vikuukuu, iburuze chini, mbali na miguu. Watoto wafundishe kusimama kama mgomba: miguu pamoja, mikono kifuani, macho juu, bila kupiga kelele. Walio chini ya miaka mitano wasiachwe peke yao na mbwa hata dakika moja. Kwenye nyumba za Waislamu wa pwani jambo hili lina uzito wake, kwani mate ya mbwa yakigusa kanzu lazima itwahirishwe kabla ya swala, na mbwa huyo hukaa uani. Mfunge kamba nyepesi wakati watu wanajiandaa kutoka, na umzoeshe mapema kwamba salamu hutolewa miguu yote minne ikiwa chini.

Kama anatafuna kila kitu, viatu, mguu wa kiti, waya wa chaja, hesabu umri. Kuanzia karibu miezi minne meno ya utotoni yanang'oka na ya ukubwani 42 yanaota hadi miezi sita au saba. Fizi zinawasha, na damu kidogo kwenye kitu anachokitafuna ni kawaida. Lowesha kitambaa, kifunge fundo, kigandishe kwenye friza, umpe mbele ya macho yako. Karoti nzima ya baridi pia inamtuliza. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka vipande vikali. Na gunzi la hindi, ambalo tunalitupa uani bila kufikiri, ni hatari kubwa: akimeza kipande linaziba utumbo, na hapo ni upasuaji.

Tofautisha mchezo na tishio. Anayecheza mwili wake umelegea, anainamisha kifua na kuinua makalio, anarukaruka. Anayetishia anakakamaa, anakaza macho, mdomo unainuka, mngurumo unatoka chini. Akifanya hivyo kwenye sahani, usimnyang'anye kumwonyesha nani mkubwa. Pita umbali anaoustahimili, mrushie kipande cha nyama, endelea na safari. Baada ya siku nyingi mkono wako unaosogea unakuwa habari njema. Akifanya hivyo ukimgusa sehemu moja tu, sikio au kiuno, panaweza kuwa na maumivu. Mkague kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, kisha daktari.

Ngozi ikitoboka

Mbwa mdogo naye anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo wa mtoto, ueleze kama mbwa amechanjwa au la. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe, alishwe, aangaliwe siku 10, lakini sindano za aliyeng'atwa zisisubiri siku hizo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Chanjo ya kwanza ya kichaa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa tarehe anayoandika daktari. Karatasi yenye tarehe ya Duma nimeibana kwa pini ndani ya jalada la lile daftari la mlangoni, mahali ambapo kila anayeandika saa ya mkojo anaiona.